Dira Iliyoelekea Bombay

Kabla sijafungua hata skrubu moja, nahodha alikwisha kunihukumu.

"Fundi," akaniambia, amekaa juu ya ndoo anamenya chungwa, "bahari hii mimi naijua kwa harufu. Hilo kopo lako litanifundisha nini?"

Kopo lenyewe ni dira ya umeme, inaenea kiganjani. Tajiri alikuwa amenunua otopailoti, mtambo wa kushika usukani wenyewe, na otopailoti isiyojua boti imeelekea wapi haina kazi. Boti ni ya kupelekea wageni kuvua sulisuli na jodari, na gati lake liko Mtwapa, jirani na Mombasa, upande wa mikahawa.

Kazi yenyewe haina miujiza. Ndani ya dira hii mna koili zinazohisi usumaku wa dunia, kwa hiyo unaitafutia mahali pa chini, karibu na katikati ya boti ambako hakuyumbi sana, mbali na injini, mbali na nyaya nene za betri, na kama mita mbili hivi kutoka dira ya usukani zisije zikagombana. Mshale wake unatazama omo, mbele ya boti. Nikapata kiambaza kizuri cha mbao. Upande wa pili palikuwa na kikabati cha nahodha, kina kufuli. Nikamuuliza ndani mna chuma gani.

"Kanzu na msahafu," akasema.

Basi nikaifunga pale kwa skrubu za shaba, maana za chuma hapo ni haramu. Nikavuta waya wa NMEA 2000, ule unaounganisha vyombo vya boti vizungumze, nikaunganisha, nikapima ukinzani kati ya waya mweupe na wa buluu. Ohm 60. Hiyo ndiyo namba inayomlaza fundi usingizi: waya mkuu una kizibo cha ohm 120 kila mwisho, na viwili kwa pamoja husoma 60. Ukiona 120, kimoja kimetoka. Ukiona 40, kuna mjuaji kaongeza cha tatu.

"Sitini!" nikatangaza.

"Mimi hizo nilizipita kitambo," nahodha akajibu.

Nikawasha skrini. Ikasoma 054, yaani digrii 54 kutoka kaskazini kwenda mashariki.

Boti imefungwa gatini, omo kaskazini. Dira kongwe ya usukani, ile ya kadi inayoelea kwenye mafuta, inasoma sifuri. Nahodha akavaa miwani.

"Fundi, kibla kiko wapi?"

Huku kwetu swali hilo lina jibu moja. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, huhitaji programu ya simu.

"Kaskazini, mzee."

"Na sasa tumeelekea wapi?"

"Kibla."

"Na kopo linasemaje?"

"Hamsini na nne."

Akafumba macho, akapitia ramani zake za kichwani. "Hiyo ni njia ya Bombay. Waliojenga msikiti wa Jumba la Mtwana, magofu yale ya hapo jirani, karne ya 14 hawakuwa na waya hata mmoja. Wewe una waya wote huo, watusalisha Bombay!"

Baharia kijana alicheka hadi akapiga ndoo teke.

Nikaeleza kwamba dira mpya lazima izungushwe. Boti iende polepole kwenye maji matulivu, duara moja lichukue dakika kama mbili, dira ijifunze chuma kilichomo botini na kukitoa hesabuni.

"Nizunguke? Hapa? Mbele za watu?"

Ilikuwa Jumapili alasiri, mikahawa imejaa pomoni. Tukazunguka. Wateja wakaanza kugeuza viti. Mvuvi wa mtumbwi akatusogelea.

"Nahodha, kuna mtu kazama?"

"Hakuna!"

"Sasa watafuta nini?"

"Muulize fundi!"

Meza moja ikawa inatupigia makofi kila tukifunga duara. Skrini ikaandika imeshindwa. Tukarudia, ikashindwa. Baya zaidi, boti ikilala kidogo kwa wimbi, namba inacheza: 054, 047, 061, zikirudi zikienda, na hakuna aliyegusa usukani. Nahodha akashusha sauti. "Boti hii alikuwa nayo Mzungu. Sidhani kama aliondoka na vyake vyote."

Tukarudi gatini. Nikafungua viungo vyote, na katika kuhangaika huko spana namba 10 ikanitoka, ikatumbukia ngamani, kwenye maji meusi ya mafuta. Hapo nahodha akanionea huruma.

"Usitie mkono, mwanangu. Ngoja."

Akafungua kufuli ya kikabati. Akapeleka mkono nyuma ya kanzu, akatungua kwenye msumari sumaku ya spika, pana kama sahani, inaning'inia kwa kipande cha mshipi.

"Hii imewaokolea spana mafundi wote wa Mtwapa."

Akaondoka nayo kuelekea tezi, nyuma ya boti, hatua kwa hatua. Mimi macho kwenye skrini: 054. 031. 012. 002. Nyuma nikasikia *tak*, spana imenasa, na baharia anashangilia.

"Mzee, hebu irudishe kabatini."

Akairudisha. Bombay.

"Itoe."

Kibla.

"Irudishe."

Bombay. Baharia akaomba naye ajaribu. Nahodha akakaa juu ya ndoo yake, kimya, sumaku mapajani.

"Mzee, si nilikuuliza mna chuma gani?"

"Uliniuliza chuma. Hii ni sumaku."

Tukaihamishia kwenye sanduku la zana kule tezi, mbali kabisa, tukatoka kuzunguka tena. Jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wameongezeka. Ile meza ilisimama. Safari hii skrini ikakubali, na otopailoti ikashika njia imenyooka hadi nahodha akatoa mikono kwenye usukani, akaitazama, akairudisha haraka.

Tajiri akapiga simu. Nahodha akaiwahi kabla yangu.

"Imekubali, bosi. Fundi alihangaika sana, masikini, hakuijua hitilafu iliko. Nimeitoa mwenyewe, kwa mkono wangu huu."