Riakta ya samaki ipangwe kwa kufikiria umeme unaokatika

Kwa sisi tunaofuga samaki kwenye vioo hapa Bukavu, swali la kwanza kuhusu riakta, ile silinda ya kusafishia maji ya samaki, si kununua kaboni gani. Swali ni hili: umeme ukikatika jioni na kurudi alfajiri, maji yaliyofungiwa ndani ya ile silinda yatakuwa yamegeuka nini?

Riakta yenyewe ni kitu rahisi. Pampu ndogo inasukuma maji yaingie chini ya silinda, yapande kupitia kaboni amilifu (kaboni yenye vitundu vidogo vingi) au chembe za oksidi ya chuma, yatokee juu na kurudi kwa samaki. Kaboni inanasa klorini, harufu na ile rangi ya njano. Oksidi ya chuma inanasa fosfati inayolisha mwani. Ukiziweka kwenye kifuko pembeni, maji mengi yanazunguka nje tu. Ndani ya riakta hayana njia nyingine.

Lakini bakteria wanaishi juu ya zile chembe, nao wanatumia oksijeni hata pampu ikiwa imelala. Kukicha, silinda inaweza kuwa na maji yasiyo na oksijeni kabisa, yenye harufu ya yai viza. Umeme unarudi, pampu inaamka, na uchafu wote unamiminwa juu ya Tropheus wako, samaki wa miamba ya Tanganyika aliyezoea maji yenye oksijeni tele. Ndiyo maana nasema pampu ya riakta isiwashwe pamoja na nyingine. Iwe na swichi yake, ingoje mtu afike, amwage maji ya silinda kwenye ndoo, ndipo aiwashe. Samaki hawafi kwa kukosa riakta siku mbili. Kwa kukosa hewa wanakufa.

Jambo la pili ni mpira. Pampu ikizimika na kiungio kimoja kikivuja chini ya usawa wa maji, maji yanaendelea kujivuta yenyewe hadi sakafuni. Toboa tundu dogo kwenye mpira unaopeleka maji, mahali palipo chini ya uso wa maji kwa upana wa kidole tu, na mdomo wa mpira wa kurudishia ukae juu ya maji. Maji yakishuka kidogo tu, hewa inaingia na mvuto unakatika.

Tafadhali, makala ya jikoni (makaa ya kupikia) yasiingie humo. Majivu yake yanapandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, na hayana vitundu vya kaboni amilifu, ambayo gramu moja tu ina eneo linalozidi mita za mraba 500.

Suuza chembe mpaka maji yatoke meupe. Kaboni ikae imetulia kati ya sponji mbili, kwa sababu ikigongana inasagika kuwa unga. Oksidi ya chuma ni tofauti: funga robine ya maji kidogo kidogo mpaka uso wa chembe utikisike kidogo tu, kama uji unaotaka kuchemka. Anza na nusu ya kipimo, fosfati isishuke ghafla. Kaboni ibadilishwe kila wiki 3 au 4. Oksidi, kipimo cha fosfati kinapoanza kupanda tena. Sponji iliyo mbele ya pampu ioshwe kila wiki.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua kwanza pampu ya hewa inayotumia betri. Riakta ingoje mwezi ujao.