Kengele Iliyopigwa Kabla Padri Hajazaliwa

Wasifu wa marehemu Baba Paroko wetu ulianza mwaka 1868, nchini Aljeria. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayesimuliwa kisa hiki huwalaumu nyuki. Nyuki walikuja baadaye. Kwanza alikuja katibu.

Katibu wa kamati ya kumbukumbu ni mwalimu mstaafu wa historia. Aliombwa ukurasa mmoja tu: marehemu alizaliwa wapi, akasoma wapi, akapata upadre lini, Mungu akamwita lini, basi. Akaleta kurasa 14, zimechapwa mbele na nyuma. Kazi ya kuzisoma nikapewa mimi, kwa kuwa riziki yangu ni kunadi ng'ombe kwenye minada ya huku Tabora, na mtu wa kunadi hahitaji kipaza sauti.

"Usiruke hata mstari," katibu akanionya. "Padri hakuota kama uyoga. Lazima watu wajue katoka wapi."

Katoka wapi? Katoka kijiji cha pili kutoka kanisani, na nusu ya waumini ni binamu zake.

Parokia yenyewe iko upande wa Sikonge, katikati ya miombo, ambako mtu akisema ana mali ujue ana ng'ombe au ana mizinga. Marehemu alikuwa na mizinga. Ya magome, ya magogo, na mmoja wa mbao wa kisasa aliopewa na mradi fulani, ambao nyuki waliudharau mpaka mchwa wakauchukua. Asali aliigawa kuliko alivyoiuza. Sisi nasi tulimpiga mizinga ya kwetu: ada ya shule, nauli ya hospitali, bati za kumalizia nyumba. Viatu vyake vya Krismasi ndivyo vilivyokuwa vya Pasaka, na vya Krismasi iliyofuata pia.

Ikatokea kundi moja la nyuki likahamia kwenye mnara wa kengele. Wazee wa kanisa wakataka lichomwe moto. Akakataa katakata. Akasema mshumaa wa Pasaka unatokana na nta, na katika Mbiu ya Pasaka, usiku ule mtakatifu, Kanisa linawataja nyuki. Je, mzee gani hapa ametajwa? Mjadala ukafungwa. Kengele ikanyamazishwa, kikatundikwa kipande cha reli kwenye mwembe, na tangu hapo tukawa tunaitwa Misa kwa ngo-ngo-ngo ya chuma.

Nilikuwa mtumikiaji wa altareni wakati huo. Mkesha wa Pasaka, kanisa giza, kila mtu na mshumaa wake, Baba Paroko akiimba Mbiu kwa ile sauti yake ya mafua, akifika penye nyuki alikuwa akiinua macho kidogo kuelekea mnarani, anatulia, ndipo anaendelea. Sisi watoto tulipasubiri hapo kuliko Aleluya.

Sasa kamati, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake, ikaamua kengele halisi ipigwe. Wana parokia walioko Dar wakachanga, ikanunuliwa kamba mpya. Kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, akatumwa mnarani kukagua. Akashuka na habari njema: nyuki wamehama, yamebaki masega matupu. Ilikuja kujulikana kwamba aliishia katikati ya ngazi, akategea sikio, asisikie kitu, akashuka. Alipanda alfajiri. Alfajiri ya Juni huku kwetu ni baridi kali, na kwenye baridi nyuki hana maneno mengi.

Tukakubaliana hivi: kijana yuleyule atashika kamba, akiwa amejificha nyuma ya mlango wa mnara. Mimi nikitamka tu neno "alizaliwa", yeye anavuta.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Mbele alikuwepo padri aliyemwakilisha Askofu. Kwenye viti vya wageni walikuwepo mchungaji wa Moravian na wazee wa msikitini, maana msiba ule haukuwa wa Wakatoliki peke yao. Nje, sufuria za pilau zilishaanza kunukia, jambo ambalo halikusaidia usikivu. Baada ya Komunyo nikaitwa.

Nikasoma. Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, ndio hao wazee wetu waliowaita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Msafara wa kwanza ukaingia bara mwaka 1878. Katibu hakuwarusha watu wale hata hatua moja. Tulitembea nao kutoka pwani, na homa zao, na mizigo yao, na hongo za watemi. Walipofika Ujiji Januari 1879, mzee mmoja wa benchi la mbele alishalala. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wamelala benchi zima. Ilipofika Kigoma mwaka 1914, mama yangu mdogo alinitazama akapitisha kidole shingoni: kata! Nikamtazama katibu. Katibu akatikisa kichwa: endelea.

Marehemu alikuwa bado hajazaliwa.

Ukurasa wa sita tukaingia St. Mary's Tabora. Nikakusanya pumzi, nikasoma kwa sauti ileile ya mnadani: "Hapo ndipo alipofundisha, kabla ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye alizaliwa Butiama..."

Kengele ikalia.

Na ililia haswa. Yule kijana alikuwa amesimama nyuma ya mlango na njaa yake tangu Aljeria, akaivuta kamba kwa hasira zote. Pigo la kwanza watu wakaamka. Pigo la pili wakapiga makofi na vigelegele, wakijua Padri amezaliwa. Pigo la tatu kikadondoka kitu kutoka juu, kikapasuka sakafuni miguuni pa kwaya: sega, limejaa asali, na wenyewe wakalifuata.

Nyuki akikasirika huanza na chochote cheusi, tena kinachohema na kurusharusha mikono. Kwaya ilikuwa imevaa sare nyeusi na imeshajaza mapafu tayari kwa wimbo. Sitaki kusema mengi, ila sauti ya kwanza walifika siku ile kwenye noti ambayo mwalimu wao ameipigia magoti miaka na miaka.

Mwakilishi wa Askofu akajifunika kasula gubigubi, akaenda sakristia kwa kupapasa ukuta. Yule mzee aliyelala tangu 1879 akatoka kwa dirisha. Mimi nikazitumia kurasa za katibu kujipepea, nikirudi kinyumenyume, mpaka mgongo ukagusa pazia la kitubio. Nikaingia.

Kitubio chetu ni cha watu wawili. Tulikuwa wanne. Upande wa padri, kwenye kiti kabisa, alikuwa mchungaji wa Moravian. Upande wa waungamaji tulibanana bibi mmoja wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki), mzee seremala wa msikitini, na mimi. Tukalivuta pazia, tukalikanyagia upindo wake chini. Nje ni mvumo tu na vilio vya mbali.

Giza lile, na kile kivuli cha mtu nyuma ya wavu, vikamchukua bibi. Mazoea yana taabu. Akapiga ishara ya msalaba.

"Nibariki Padri, kwa kuwa nimekosa..."

"Mama," sauti ikajibu kwa upole, "mimi ni mchungaji. Wa Moravian."

Bibi akafikiri kidogo. "Basi yale makubwa nitayaacha."

Nilikuwa nimeumwa shavuni, nikapeleka vidole kuung'oa mwiba. Seremala akanipiga kibao cha mkono. "Usipapase! Kila ukichelewa sumu inazidi kuingia. Kwangua kwa ukucha, hivi." Akaukwangua mwenyewe. Ulikuwa mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi, na kifuko chake nyuma bado kinapwita, kinasukuma. "Na hiyo harufu ya ndizi mbivu unayoisikia, ndiyo inayowaita wenzake. Futa."

"Mzee wangu, haya umefundishwa na nani?"

"Na huyo mnayemsomea habari za Aljeria."

Akaendelea bila kuombwa. Kumbe kitubio kile alikitengeneza yeye. Padri alimwagiza aongeze kigoda upande wa waungamaji, kwa sababu, alisema, mwenye dhambi nyingi magoti yatamwishia njiani. Malipo yalichelewa, lakini kila Ramadhani jioni Padri alikuja na chupa ya asali ya kufuturu. Haingii ndani, anakaa barazani anasubiri adhana pamoja na watoto, naye hagusi hata maji. "Na Kwaresima ikianza ananipitia ananiambia: fundi, sasa zamu yangu, usije kwangu na karanga zako."

"Kwetu," akasema mchungaji kupitia kwenye wavu, "alinipakia kwenye pikipiki yake nikazike muumini wangu, ya kwangu ikiwa imekufa. Mvua ikaja. Akanishikia mwavuli nikihubiri." Akanyamaza kidogo. "Nilihubiri sana. Nilipogeuka nikakuta amelala wima, na mwavuli haujatikisika."

Bibi akacheka mpaka seremala akamsihi apunguze. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi mzee wangu alifariki masika, mbuga zote zimejaa. Tukasema tutazika wenyewe, katekista atatosha. Saa tisa tunamwona anatokea upande wa mbuga, tope mpaka kiunoni, baiskeli kaibeba begani, mkoba wa Misa kauweka kichwani. Tukajua atahubiri. Hakuhubiri. Aliuliza, 'Jembe liko wapi?' Akaingia kaburini na vijana, akachimba mpaka wakamwambia Baba inatosha. Ndipo akanawa, akavaa stola." Akavuta kamasi. "Halafu usiku hakuondoka. Alikaa na mimi nje anasali rozari, ile ya mbegu, mpaka nikasinzia. Nilipoamka alfajiri alikuwa bado anasali. Sijui alikuwa kwenye fungu la ngapi."

Haya yote hayamo kwenye kurasa 14. Nilizipitia zote baadaye: ukurasa wa kumi na moja Padri anaingia Kipalapala seminarini, na Kipalapala yenyewe inaelezwa kuliko yeye.

Pazia nikalifunua kidogo nione hali. Kanisa tupu. Benchi zimepinduka, kiatu cha kisigino kimoja kiko kwenye njia ya katikati. Na kwenye njia hiyohiyo anatembea mtumikiaji mmoja, katoto ka darasa la nne hivi, kamevaa joho jeupe, kachetezo mkononi, kanakwenda polepole, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila wasiwasi wowote. Moshi unamzunguka, nyuki wanampisha. Baba Paroko alikuwa akienda nako kurina, na somo lilikuwa limekaa.

Ubani ukamwishia kabla hajafika mnarani. Akatoka nje, akarudi na bonge kavu la kinyesi cha ng'ombe, akalimega taratibu, akaliweka juu ya makaa ndani ya chetezo.

"Wewe mtoto!" katibu akapiga kelele kutoka dirisha la sakristia. "Hicho ni chombo kitakatifu!"

Mtoto hakugeuka hata kidogo. Moshi ukapanda mzito, wa zizini, tukakohoa wote wanne kitubioni, na mvumo ule ukaanza kushuka, kushuka, nyuki wakirudi mnarani makundi kwa makundi.

Misa ilimaliziwa chini ya mwembe. Mwakilishi wa Askofu alikuwa amevimba mdomo wa juu, na "Bwana awe nanyi" ilimtoka kwa shida, lakini tuliitikia kwa nguvu kumtia moyo. Pilau tulikula, tena kwa amani, maana nzi wote walikuwa wamekimbia moshi. Wanakwaya walikaa mstari mmoja wakikwanguana kwa kucha.

Kamati ikakaa wiki iliyofuata. Seremala na mchungaji walialikwa, kwa kuwa sasa wanakijua kitubio chetu. Ajenda ya kwanza ilikuwa nyuki. Haikuchukua muda: wabaki, wapangaji wa marehemu hawatolewi, na kengele inyamaze. Yule kijana wa VIWAWA akapewa adhabu ya kupanda mpaka juu kabisa na kufungua kamba, usiku, na safari hii aende na katoto ka chetezo.

Ajenda ya pili ilikuwa wasifu. Katibu akasimama, jicho moja bado limefumba, akafungua kurasa zake zilizogandana kwa asali. Akasema kwa kuwa usomaji ulikatizwa Mwalimu akiwa bado St. Mary's, anapendekeza mwakani tuendelee kuanzia hapohapo, na safari ya Edinburgh, 1949.

Wajumbe wakatazamana. Bibi akanyoosha mkono.

"Naafiki," akasema. "Ila hiyo kamba msiifungue. Mwakani nitaishika mimi."