Upupu Chunguni: Hesabu ya Maji Inayosahaulika

Wapo wanaosema kwamba upupu, mmea wa jamii ya kunde unaoota wenyewe katika mapori ya miombo mkoani Tabora, ni chakula kinachopotea bure, na kwamba anayeukataa hajui lishe. Hoja yao ina msingi. Mbegu zake zina protini ya asilimia 23 hadi 35, kiwango kinacholingana na cha maharage au kukizidi, na zina laisini ya kutosha, asidi amino ambayo ni haba katika ugali wa mahindi.

Hata hivyo, mama anayekataa kuzitia chunguni anaonewa anapoitwa mjinga. Mbegu hizo hizo zina levodopa, dawa wanayopewa wagonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko), mara nyingi kwa asilimia 4 hadi 7. Tuifanye hesabu hii taratibu: gramu 100 za mbegu kavu, konzi mbili tatu tu, hubeba gramu 4 au zaidi, ilhali kidonge cha hospitali kina miligramu 100 au 250. Levodopa iliyomo katika mbegu za sahani moja inatosha vidonge 16 vya ile aina kubwa, na huenda mlaji ni mtoto.

Levodopa huyeyuka majini, na ndiyo sababu kusini mwa Malawi, ambako mbegu hizi huitwa kalongonda, huchemshwa kwa saa nyingi huku maji yakigeuka meusi, yakimwagwa na kuwekwa mengine, tena na tena. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 200 walipatwa na wazimu wa ghafla baada ya kuzila. Namna ya kuzipika ilijulikana; ukame ndio uliowanyima maji ya kumwaga.

Jedwali la lishe halionyeshi gharama hiyo. Kijijini wilayani Sikonge, huko huko Tabora, mwezi wa Septemba, kisima kikiwa kimekauka na kuni nyingi zikiwa zimeishia kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, nani atamwaga ndoo tatu kwa ajili ya sufuria moja ya mboga? Kwa sasa ningeipanda aina isiyowasha katika shamba lililochoshwa na tumbaku, ambako mizizi yake hurudisha naitrojeni ardhini, na suala la chungu ningelirudia siku maji yatakapofika karibu na jiko.