Mawe ya kumbukumbu makanisani: yaachwe au yapishe vigae?

Kanisa kongwe la kusini mwa Tanzania likifanyiwa ukarabati, huibuka ubishi juu ya mawe ya kumbukumbu yaliyo ukutani na sakafuni. Wapo wanaosema ni historia, yasiguswe. Wengine wanasema yanawasifu wageni watupu, tena kwa lugha ambazo muumini wa leo hazisomi, kwa hiyo yapishe vigae.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Misheni ya Masasi ilianza 1876, pale Askofu Edward Steere wa UMCA, chama cha wamisionari wa Kianglikana, alipofika na watu waliokombolewa utumwani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Steere alijitoa kweli. Lakini waliofyeka pori na kulima pale ni wale waliokombolewa, na leo tunawataja kwa jumla tu, bila majina. Au chukua 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza. Askofu Cassian Spiss, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wabenediktini, aliuawa Agosti mwaka huo upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Majina yote matano yanajulikana. Wanahistoria wanakadiria Vita vya Maji Maji viliua Waafrika kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Hao nani aliwachongea jiwe?

Hata hivyo, kung'oa nakataa. Jiwe lenye jina la mkubwa peke yake ni ushahidi wa nani alikuwa na uwezo wa kuandikwa. Ukiling'oa, ushahidi nao umekwenda, na aliyesahaulika hajapata jina.

Sheria haitatuokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Misheni ya Masasi ilikuja miaka 13 baadaye, kwa hiyo hapo linahitajika tamko la waziri. Kazi inabaki kwa wazee wa kanisa na fundi wao, na fundi anaweza kuharibu kwa nia njema kabisa. Ukuta wa mawe na chokaa hupitisha unyevu. Ukizibwa kwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi hutokeza na herufi humeguka. Msasa nao hula kina cha maandishi. Kuyapaka rangi upya ni hatari zaidi, maana tarakimu ya mwaka ikikosewa, kosa ndilo litakalosomwa. Badala yake, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni mwa jiwe: vivuli vitaonyesha herufi zilizofifia, kisha piga picha.

Halafu liwekwe bamba la pili pembeni, kwa Kiswahili, lenye tafsiri ya maandishi ya zamani na majina ya wenyeji wa mwanzo kutoka daftari la ubatizo. Wapo watakaouliza: na waliokufa kwa njaa bila kubatizwa? Nasema watajwe pia, kwa kijiji chao kama jina limepotea, kwani walikuwa majirani wa kanisa hilo. Kamati ya ujenzi ilizungumze hili kabla fundi hajaitwa kupima sakafu.