Ni Bolti Moja Tu

Neno lililoniponza lina herufi mbili: tu.

Aliyeniuzia gari alilitumia mara nne. Nilihesabu baadaye, nilipopata muda wa kutosha wa kulala chali chini ya injini na kutafakari maisha. Lina kutu kidogo tu. Limesimama miaka michache tu. Taa moja tu ndiyo haiinuki. Linavujisha moshi kwenye gasketi ya eksozi, ukibadilisha hiyo tu unaondoka nalo. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, mwenye akili timamu baadhi ya siku, nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto, "Ni kazi ya wikiendi moja tu."

Huu ni mwaka wa tatu. Wikiendi yenyewe bado haijaisha.

Gari ni Toyota Celica GT-Four, toleo la ST185, la mwaka 1990. Mnaolijua mmeshajishika vichwa. Kwa wasiolijua: injini ya 3S-GTE, lita mbili, silinda nne, turbo (kile kifeni kinachosukumia injini hewa ya ziada), nguvu za farasi zaidi ya 200, na magurudumu yote manne yanavuta. Ndilo gari ambalo Carlos Sainz alichukulia ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali mwaka 1992, Juha Kankkunen akalichukulia tena 1993, Didier Auriol naye 1994. Miaka hiyohiyo mitatu likashinda Safari Rally kule Kenya, kwenye vumbi, matope na mawe. Miaka mitatu, mabingwa watatu. Mimi katika miaka mitatu, mpaka Jumamosi iliyopita, nilikuwa nimelisogeza mita nane, na sita kati ya hizo nilikuwa nalisukuma.

Tuanze na gasketi. Gasketi ya eksozi ni kikaratasi cha chuma. Kuibadilisha kunahitaji kufungua manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi wa injini, na manifoldi imeshikwa na bolti chache. Bolti za chuma, zimeingia kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, ya aluminiamu, zimepikwa kwa moto wa eksozi na kupoa, kupikwa na kupoa, tangu mimi nikiwa na nywele. Zote zilitoka. Nasema ukweli, zote zilitoka kwa adabu, nikaanza hata kupiga mluzi. Ikabaki moja, ile ya pembeni kabisa, ambayo huifikii mpaka ukunje mkono kama mtu anayejaribu kujikuna katikati ya mgongo.

Nikaipulizia oili ya kulegezea kutu. Nikaiacha usiku kucha. Nikapulizia tena. Nikaigonga taratibu kwa nyundo, maana mtetemo husaidia oili kupenya. Nikaipasha moto ile hedi, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha pote tundu linapanuka kuliko bolti. Hayo yote nilisoma. Nilikuwa na elimu ya bolti kuliko ya dini.

Sasa sikilizeni. Bolti inayofunguka hulia. Inatoa mlio wa kriii, unaupenda kuliko muziki wowote. Bolti inayokatika haitoi mlio. Unavuta spana, unavuta, halafu ghafla inakuwa laini, inazunguka vizuri, tamu kabisa, na kwa nusu sekunde unaamini Mungu amekuona. Halafu kichwa cha bolti kinadondoka ndani ya kofia yako.

Nilikaa chini. Mtoto wangu wa kwanza akaja na kuuliza, "Baba, imetoka?"

"Imetoka nusu," nikamwambia.

Usinishauri kuitoboa. Niliitoboa. Nikanunua kile kichuma cha kuvutia bolti zilizokatika, chenye nyuzi za kinyumenyume, unakipigilia kwenye tundu na kukizungusha kushoto. Nilinunua cha bei ya chini. Kikakatikia ndani. Na kichuma hicho, hata kile cha bei ya chini, ni kigumu kuliko keekee uliyonayo nyumbani, kwa hiyo sasa nilikuwa na bolti iliyokatika yenye kizibo kisichotobolewa. Ndipo ikaonekana hakuna namna, injini ishuke.

Hapa ndipo nilipopatwa na ugonjwa ambao tiba yake haijapatikana, nao unaitwa maadamu. Maadamu injini iko chini, tubadilishe klachi. Maadamu klachi iko nje, tuweke sili mpya ya oili nyuma. Maadamu tumefika hapo, mkanda wa taimingi, na pampu ya maji, maana iko njia moja. Maadamu turbo iko mezani, lifunguliwe lisafishwe, maana kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakitaki mchanga. Kila maadamu lina mantiki. Hakuna hata moja unaloweza kulipinga. Ndiyo maana nimefilisika nikiwa na hoja nzuri.

Nilikuwa na daftari la bajeti, lenye mistari niliyopiga kwa rula. Kushoto kifaa, kulia kiasi. Ukurasa wa kwanza nimejumlisha chini kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa pili nimejumlisha kwa penseli. Ukurasa wa tatu sikujumlisha. Siku moja nikakuta mama watoto amejumlisha yeye, kwa mwandiko wake ule mzuri, hakuandika neno lingine lolote, akaliacha wazi juu ya meza. Tangu siku hiyo daftari hulala ndani ya tairi la akiba.

Ile bolti iliyokatika ilitoka kwa msaada wa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja asiyesema sana. Akaweka nati juu ya kile kisiki, akachomelea katikati ya nati mpaka vikashikana, akangoja wekundu upotee, akazungusha. Nati ikang'oka. Akaweka nyingine. Ikang'oka. Ya tatu akaizungusha mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anabembeleza mtoto, na ikatoka nzima na kile kichuma changu kikiwa ndani yake. Dakika ishirini. Akaniuliza kwa nini nilishusha injini. Nikamwambia tulikuwa tunataka kubadilisha klachi.

Ile bolti ninayo. Iko kwenye kikombe dirishani na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Nikisema nilivyofungua gari zima utadhani nina mpangilio. Nilikuwa nao, siku mbili za mwanzo. Kila bolti ndani ya mfuko wa plastiki, kila mfuko na karatasi yenye maelezo. Mifuko ya mwanzo imeandikwa vizuri: "Pampu ya maji, bolti ndefu juu, fupi chini." Ya katikati imeandikwa "Bolti za upande ule." Ya mwisho nilikuwa nimechoka na giza limeingia, imeandikwa "Hizi", na mmoja, naapa ni mwandiko wangu, umeandikwa "Utakumbuka." Sikukumbuka. Na hapo sijagusia soketi namba kumi. Nimenunua nne. Hiyo ndiyo namba inayofungua karibu kila kitu kwenye gari la Kijapani, na ndiyo inayopotea, wakati namba kumi na sita, ambayo sijawahi kuitumia, kila asubuhi iko pale inanitazama.

Kutu kidogo tu. Haya. Nikachukua sumaku, maana sumaku haidanganywi na rangi: penye chuma inashika, penye puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, inaanguka. Nikaipitisha kwenye bodi ya chini ya mlango. Ikaanguka. Nikasogea. Ikaanguka. Nilifika karibu na gurudumu la nyuma ndipo iliposhika, na hapo ilishika bolti. Nikakwangua. Chini ya rangi kulikuwa na puti, chini ya puti kulikuwa na wavu wa dirisha, chini ya wavu kulikuwa na ardhi, naiona, na sisimizi wanapita. Gari la mabingwa watatu, limeshikiliwa na wavu wa mbu.

Bati tulikata, tukachomelea jipya, sina la kusimulia hapo zaidi ya kwamba cheche huingia ndani ya kiatu. Rangi nilipiga mwenyewe. Msasa namba 80, 180, 320, 400, mpaka alama za vidole zikafutika, kidogo simu inikatae. Ilitoka na vipele kama ganda la chungwa. Kwa mbali inapendeza. Mbali yenyewe iwe mbali kweli.

Breki ndizo zilizotaka kuvunja ndoa. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja amekaa kwenye siti anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua na kufunga nipo, ile skrubu ya kutolea hewa. Ukifungua huku mwenzako ameachia, hewa inarudi ndani, mnaanza upya. Nikamwomba mama watoto.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Usiachie."

"Si umesema niachie?"

"Nimesema usi... basi, tuanze upya."

Tulianza upya mara kumi na moja. Katika ile ya nane nikapiga teke kopo la mafuta ya breki, likamwagikia bampa jipya, na mafuta ya breki na rangi havikai nyumba moja. Kufika ya kumi na moja rangi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Yeye akatoa kichwa dirishani, akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Nikanyage au niachie?"

Halafu likawaka. Sitasema nililia. Lilinguruma, moshi wa oili ukajaa, watoto wakakimbilia nje wakidhani nyumba inaungua, na mimi nikasimama pale nikiwa na tabasamu la mjinga. Lakini halikutulia. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa inapandisha na kushusha, vuuu, vuuu, vuuu, mshale unapanda unashuka peke yake, kama gari linapumua kwa hasira. Miezi miwili nikapambana nalo. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha nyaya za plagi. Nikabadilisha sensa mbili ambazo, najua sasa, zilikuwa nzima kuliko mimi. Daftari ndani ya tairi la akiba likaongezeka ukurasa.

Mama watoto akapita siku moja na beseni la nguo, gari linapiga vuuu vuuu. Akasimama.

"Baba watoto, mbona linafyonza?"

"Linafyonza nini?"

"Kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Pale nyuma."

Nikainama. Kweli. Mpira mdogo wa hewa, mnene kama kidole cha mwisho, umepasuka upande wa chini usikoonekana. Kompyuta ya gari hupima hewa inayopita mlangoni tu. Ile inayopenya dirishani haina habari nayo, kwa hiyo inapeleka petroli pungufu, injini inataka kuzima, kompyuta inashtuka na kuongeza, ndiyo hiyo vuuu. Nikakata kipande cha mpira mpya urefu wa kiganja, nikaufunga kwa klipu. Ukimya. Likatulia kama limemeza dawa. Yeye alikuwa ameshafika kwenye kamba, anaanika.

Iliyobaki ni taa. ST185 taa zake hulala ndani ya bodi, ukiwasha zinainuka kama macho ya chura. Ya kulia inainuka. Ya kushoto inawaza. Kwa hiyo kila nikijaribu umeme, gari linakonyeza. Jirani yangu, mama mmoja wa heshima zake, ameshaniuliza mara mbili kama nina shida naye.

Jumamosi iliyopita tukalitoa. Mama watoto akasema ataendesha yeye, maana miguu yake ndiyo inayozijua zile breki. Sikubisha. Nikakaa pembeni, mkono kwenye mkanda, masikio yote yako kwenye injini: ule mlio ni wa nini, ile harufu ni ya nini, ule mtetemo ulikuwepo? Tukapita kona ya kwanza. Ya pili. Barabara ikanyooka. Akanitazama, akakanyaga.

Turbo halikuja palepale. Lilikaa sekunde moja, kama mtu anayekumbuka jina lako. Halafu kitu kikanisukuma mgongoni mpaka kofia ikaanguka siti ya nyuma, na kutoka chini ya siti soketi mbili namba kumi zikabingirika zikaja kugonga visigino vyangu. Mama watoto akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu kabla ya watoto.

Tulirudi giza likianza kuingia. Akawasha taa. Ya kulia ikainuka. Ya kushoto ikafikiri, ikatetemeka kidogo, ikabaki imelala. Jirani alikuwa amesimama getini kwake.

"Hiyo ni mota yake," nikaanza kumweleza mama watoto. "Ina bolti tatu, nikiifungua hiyo—"

"Usilimalizie hilo neno," akasema, akazima gari, akachomoa funguo na kuzitia kwenye mkoba wake.