Shela: Kulala Kijijini ni Sawa, Kukinunua Je?

Likizo ya Desemba ikikaribia, swali la Shela hurudi kwenye mazungumzo ya Walamu. Wako wanaosema wageni ndio waliokiokoa kijiji hiki, na wako wanaosema wageni ndio waliokimaliza. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, ila haziongelei kitu kimoja. Mgeni anayelala siku chache na mgeni anayenunua nyumba wanatiwa katika kapu moja, ilhali athari zao kijijini zinapishana sana.

Shela iko kama kilomita tatu kusini mwa mji wa Lamu, pale mkondo unapofunguka baharini na ufuo mrefu unapoanza. Simulizi za wenyeji zinaiunganisha na Takwa, mji wa kisiwa cha Manda uliohamwa katika karne ya 17. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda Takwa kuzuru na kuomba dua penye kaburi la mnara. Ufuo huu huu ndiko Lamu ilikowashinda Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa jirani cha Pate, mwanzoni mwa miaka ya 1810. Baada ya vita hivyo Walamu walitafuta hifadhi kwa Seyyid Said wa Oman, na nguvu za Mabusaidi, ukoo wake, katika pwani hii zikapata mlango. Kwa hiyo anayetandika taulo lake hapo amejilaza juu ya uwanja wa vita. Ni vyema akaambiwa, na wanaowatembeza wageni wengi hawamwambii.

Sasa tuzitazame nyumba, maana mvutano wote uko humo. Nyumba ya kale ya Shela ina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka upana wa mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Nyumba ya namna hii haivumilii kuachwa. Paa likipasuka na lisizibwe, mvua ya masika hupenya, boriti huoza, ukuta hufunguka na matumbawe yakaanza kumwagika njiani. Katika karne iliyopita familia nyingi ziliishiwa, vijana wakaenda kutafuta maisha Mombasa na Arabuni, na nyumba zikabaki magofu.

Waliokuja na fedha za kuzisimamisha tena, aghalabu, walikuwa wageni. Anayekataa jambo hili hasemi kweli. Fundi wa chokaa, mchonga milango, nahodha wa mashua, mwenye punda wa kubeba mawe na mchanga, wote walipata kazi. Ufundi ambao ungezikwa na wazee ukarithiwa na vijana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulipia. Tena Shela haikuwa na kinga ya jina kubwa: UNESCO mwaka 2001 iliandikisha Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia, si Shela.

Lakini tazama kilichofuata. Nyumba ya Kiswahili hugeuzia njia mgongo. Ukuta wa nje hauna madirisha makubwa. Mwanga na upepo huingia kupitia kiwanda, ule ua wa ndani, ambako wanawake hupika, hufua na hukaa bila mtandio wala buibui. Mnunuzi anataka kuiona bahari, kwa hiyo hupandisha ghorofa ya tatu, mara nyingine ya nne, na juu kabisa huweka baraza ya makuti. Akikaa pale jioni, macho yake yanaanguka katika kiwanda cha jirani. Jirani huyo hakuuza chochote wala hakulipwa hata senti, lakini stara yake imeondoka. Hili linaniuma kuliko suala la mavazi ya ufuoni linalozungumzwa kila siku. Mavazi yanarekebishwa kwa kumwambia mgeni ajifunge leso anapopita mitaani na karibu na msikiti, na wengi wakiambiwa husikia. Ghorofa haivuliwi.

Kuna pia maji. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyonasa mvua na kuihifadhi chini ya ardhi, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea hazina hiyo. Maji yakivutwa kupita kiasi, ya bahari huingia na kisima hugeuka chumvi. Kila bwawa la kuogelea linalochimbwa umbali mfupi kutoka baharini ni mzigo juu ya hazina hiyo, na sioni hoja inayoweza kulitetea.

Wengine husema sheria imeshalimaliza tatizo: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Ni kweli, ila miaka 99 ni zaidi ya umri wa mtu, na tajiri wa Nairobi akinunua nyumba na kuifunga miezi kumi, mtaa hufa vilevile. Kijana wa Shela anayetaka kuoa na kupata vyumba viwili karibu na mamake hashindani na pasipoti, anashindana na bei.

Wanaotegemea wageni nao wana hofu yao, na nawaelewa. Utekaji nyara wa wageni mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa kaunti hii ya Lamu, mwaka 2014, kisha korona mwaka 2020: kila mara vitanda vilibaki vitupu. Ukiwaambia wapunguze wageni, watakuuliza watakula nini.

Ndiyo maana nasema mgeni aje, tena alale Shela kwenyewe, asiishie kupiga picha na kurudi. Ila alipe kwa usiku, kwa mwenye nyumba wa kijijini, na kama ana nafasi aje pia nje ya msimu, Mei au Juni, wakati kusi linavuma, hoteli kadhaa zimefungwa na manahodha hawana abiria. Kaunti nayo iweke kikomo cha ghorofa na ikisimamie, isimamishe vibali vya mabwawa mapya, na itoze ada nzito nyumba inayokaa bure mwaka mzima. Fedha hizo zitumike kuwakopesha wenyeji wanaotaka kukarabati nyumba za wazee wao kabla hazijawalazimu kuuza, maana wengi huuza paa linapoanza kuvuja na hakuna wa kumwendea.