Datsun Yangu na Vifaa Vinavyooneana Wivu

Wapo watu ambao gari bovu likilala uani kwao humwita mnunuzi wa vyuma chakavu, wakapokea fedha yao, wakapanda mpapai pale lilipokuwa, na maisha yakaendelea. Mimi si miongoni mwao. Mimi nina Datsun 1200, ile pikapu ndogo yenye injini ya A12, ambayo Wajapani walianza kuitengeneza mwaka 1971, na ambayo kwa uzito haifikii hata tani moja ingawa kwa usumbufu inalishinda lori la tani kumi. Iko hapa Tabata, imekalia matofali, mahali ambapo mke wangu alikusudia kujenga banda la kuku.

Watu wakiniona chini ya gari hilo kila Jumamosi hudhani kwamba napambana na uzee. Uzee ungekuwa afadhali, kwa maana uzee una spea. Ninachopambana nacho ni wivu. Kifaa kipya kikishaingia katika gari la zamani, vile vya zamani vilivyokaa humo kwa amani tangu enzi za Mwalimu hujiona vimedharauliwa, na kimoja baada ya kingine huanza kugoma, hadi mwenye gari ajikute amebadilisha kila kitu isipokuwa jina lililoandikwa kwenye kadi.

Mimi nilitaka taa tu. Alteneta ya asili, yaani ile mashine ndogo inayozalisha umeme wa gari, hutegemea kisanduku cha pembeni cha kudhibiti umeme, na kisanduku hicho kilikuwa kimechoka, hivyo kila nilipowasha taa usiku injini ilinung'unika na honi ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Fundi umeme akanishauri tufunge alteneta ya toleo la baadaye, yenye kidhibiti chake ndani kwa ndani. Ushauri ulikuwa mzuri na taa ziliwaka hadi jirani wa ng'ambo akafunga mapazia. Usiku huohuo nikaanza kunusa plastiki inayoungua, kwa sababu waya wa zamani, ambao maisha yake yote ulizoea kupitisha umeme kidogo, ulikuwa sasa unabebeshwa mzigo usio wa umri wake. Fundi alipoitwa hakuona haya hata kidogo. "Mzee, alteneta haina tatizo. Tatizo ni waya." Kwa hiyo tukang'oa waya wote, kuanzia kwenye betri hadi taa za nyuma.

Baada ya waya, platini ikanuna. Wenye magari ya siku hizi hawaijui platini, na Mungu awazidishie neema hiyo. Ni viguso viwili vidogo vilivyomo ndani ya distributa, yaani kigawa umeme wa plagi, ambavyo hufunguka na kujifunga injini inapozunguka, na kila vinapofunguka koili hurusha cheche kwenda kwenye plagi. Kitabu cha kiwanda kinataka uwazi kati ya viguso hivyo uwe milimita 0.45 hadi 0.55, upimwe kwa vibati maalumu vyenye unene unaojulikana. Fundi wangu hupima kwa kipande cha pakiti ya sigara. Hukikata kwa ukucha, hukikunja, hukipitisha taratibu katikati ya viguso huku amefumba jicho moja, kisha hutikisa kichwa na kuomba bisibisi. Jambo la ajabu ni kwamba yeye havuti sigara. Pakiti hiyo huinunua kwa ajili ya kazi, na sigara zenyewe humgawia kijana wake, ambaye sasa anakohoa kuliko gari.

Tukaiondoa platini, tukafunga distributa ya elektroniki kutoka kwenye Sunny ya miaka ya baadaye. Niliipata Shaurimoyo, ambako bei ya spea haiandikwi popote kwa sababu hutegemea viatu ulivyovaa. Muuzaji aliniapia kwamba ni mtumba halisi wa Japani, na wala si mpya, maana pale Shaurimoyo neno "mpya" linapotajwa mnunuzi mwenye akili hurudi nyuma hatua mbili. Ilifanya kazi. Injini ikaacha kumisi, nami nikakaribia kufurahi, ndipo kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikaanza kukohoa kwa sababu ilikuwa inapokea unga mwekundu kutoka kwenye tangi.

Tangi la gari hili, baada ya miaka mingi ya hewa ya chumvi ya Pwani, lilikuwa na kutu ya kutosha kufungulia duka. Dawa yake inajulikana: unalifungua, unatia kokoto na petroli kidogo, kisha unawatafuta vijana wawili wenye mabega walitikise hadi kutu ibanduke. Walilitikisa kweli, na kutu ikabanduka yote, ikiwemo ile iliyokuwa imeziba tundu la chini. Petroli ikachuruzika mchangani tukiitazama. Nadhani mtu wa haki anaweza kukubaliana nami kwamba tangi hilo lilikuwa zima kabla ya kusafishwa.

Hapa niseme neno kuhusu serikali, maana watu hudhani nalalamika tu. Mwaka 2017 ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo hata gari lililokufa juu ya matofali lilikuwa likiendelea kudaiwa, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Nilishangilia kuliko wenye mabasi. Gari langu halitembei, kwa hiyo halinywi mafuta, kwa hiyo nilijiona Mtanzania niliyepona pande zote mbili. Mke wangu akachukua daftari, akajumlisha petroli yote inayooshea vifaa, kutikisia tangi na kuondolea grisi mikononi, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba gari hili linatumia mafuta mengi kuliko bodaboda ya mdogo wake inayofanya kazi.

Bodi sitaki kuizungumzia sana. Fundi bodi alikuja na kisumaku kidogo chenye uzi, akakipitisha kwenye mlango wa kushoto ili aone palipo na bati na palipo na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. Kisumaku kikateleza, kikaanguka. Akakirudisha juu kidogo, kikaanguka. Alizunguka nacho gari zima kikianguka, hadi alipofika kwenye bawaba, kikanasa, naye akatabasamu kwa heshima ya yule marehemu. Tulipopiga msasa tulikuta rangi nyeupe, chini yake buluu, chini yake rangi ya maziwa yenye herufi zilizofifia za duka la mikate, na chini kabisa hapakuwa na kitu, tuliona kiti.

Kwenye kazi hiyo hawakosekani wazee. Kila mzee apitaye getini husimama, huegemea fimbo na kutangaza kwamba gari hili ndilo lililoshinda Safari Rally. Nimejaribu kueleza. Ni kweli kwamba Datsun ilishinda: mwaka 1970 kwa 1600 SSS, kisha 1971 na 1973 kwa 240Z, na dereva Shekhar Mehta akaja kushinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini hakuna hata mara moja iliyoshinda pikapu ya kubebea mikate. Mzee husikiliza hadi mwisho, hukubali kwa kichwa, kisha humgeukia mjukuu wake na kumwambia, "Unaona? Ndilo lenyewe."

Pengine ni wazee hao waliomtia fundi wangu maneno, kwa sababu aliibuka na hoja kwamba A12, yenye sentimita za ujazo 1171, haitustahili tena, na kwamba A15 ya 1488 kutoka kwenye Vanette ya zamani hukaa kwenye vishikio vilevile bila kuchomelea chochote. Katika hilo alisema kweli tupu. Iliingia na kukaa. Tatizo ni kwamba Datsun hii ina breki za dramu magurudumu yote manne, ambazo zilibuniwa kusimamisha gari lisilo na haraka, na nguvu mpya ikazitia hofu. Tukatafuta breki za diski za mbele. Diski zilipofika, rimu za inchi 12 zikakataa kuingia kwa sababu zinagusa kalipa, yaani kile kibanio cha diski. Tukaagiza rimu za inchi 13 na tairi zake, na wakati tukizisubiri jirani aliyetaka nimbebee kabati lake alikodi guta, akapita nalo mbele ya geti langu polepole kuliko ilivyohitajika.

Rimu zimefika jana. Fundi amezitazama, amekuna kidevu, akanieleza kwamba tairi hizi ni kubwa kuliko zile za asili, kwa hiyo kipimo cha mwendo kitakuwa kinasoma pungufu: mimi nitaona niko kwenye 50, kumbe nimeshazidi, na askari mwenye tochi hatasikiliza habari za rimu. Anashauri tutafute kigia kingine cha kipimo hicho. Nilikuwa natafuta viatu vya kwenda navyo Shaurimoyo, vile vibovu, mke wangu alipotoa kichwa dirishani.

"Baba Zuwena," akasema, "kwani hiyo 50 mnaifikia mkisukuma watu wangapi?"